Jiko la Mama: Gunia la Michembe, na Viazi Vingine vya Kwetu



Mwezi huu naijibu barua moja inayogusa nyumba nyingi za hapa Mwanza, ingawa si wengi wangethubutu kuiandika. Mwenye barua ni mama kijana wa Igoma, ameolewa miaka minne na ana watoto wawili. Anasema kila mwaka baada ya mavuno mama mkwe wake aliyeko Kwimba humletea gunia la michembe. Yeye amekulia Moshi, kwenye ndizi, na michembe hakuwahi kuiona mpaka alipoolewa. Alijaribu kuipika mara moja ikawa migumu kama vipande vya kuni. Watoto waliitema, baba yao akanyamaza kimya. Tangu siku hiyo gunia hukaa stoo mpaka liingie wadudu, kisha hutupwa usiku majirani wasione. Sasa mama mkwe ametuma salamu kwamba mwaka huu atakuja kukaa mwezi mzima. "Nifanye nini?" anauliza. Mwisho wa barua anaongeza kwamba watoto wake hawataki kiazi chochote isipokuwa chipsi za kibandani, na chipsi hizo zinamaliza hela ya matumizi.

Dada yangu, kwanza tuliza moyo. Hujamkosea mtu kwa kutojua chakula cha kwao mumeo. Lakini kabla sijakueleza jinsi ya kupika, nataka ujue ni nini hasa unacholetewa, maana naona hukuambiwa.

Gunia lile limebeba kazi ya wiki kadhaa. Mama mkwe wako amechimba viazi vitamu kiangazi kinapoanza, akaviacha siku chache vinyauke, akavimenya kimoja kimoja, akavikata vipande vyembamba, akavitandaza juu ya jabali au kwenye mkeka. Kila jioni ameanua, kila asubuhi ameanika, huku akifukuza kuku na mbuzi. Katika vijiji vya Usukumani michembe ni akiba ya ile miezi ambayo chakula cha zamani kimekwisha na kipya bado kiko shambani, yaani kuanzia Januari mpaka mvua zilete mboga na mahindi mabichi. Mahindi yakikauka kwa jua, wenye michembe wanalala wameshiba. Kwa hiyo mama huyo anapokupakilia gunia kwenye basi anagawa akiba yake ili nyumba ya mwanawe isipate njaa. Ndiyo maana nakusihi usilitupe tena, hata usiku.

Sasa tuangalie yaliyomo. Fungua gunia utazame vizuri, kwa sababu kuna aina mbili na kila moja ina upishi wake. Vipande vyeupe au vya rangi ya maziwa, vikavu sana, vinavyovunjika kwa mlio, ndiyo michembe yenyewe. Hiyo imekaushwa ikiwa mbichi. Vipande vya kahawia, vinavyong'aa kidogo na kuwa vigumu kama pipi, ni matobolwa. Hayo huchemshwa kwanza na maganda yake, kisha humenywa, hukatwa na kuanikwa. Matobolwa yameshaiva, hivyo waweza kuyatafuna hivyo hivyo pamoja na chai au karanga za kukaanga. Watoto wa shule huyajaza mifukoni. Mzee asiye na meno huyalowanisha kwanza katika maji ya moto. Mtu akikupa matobolwa nawe ukayapika saa nzima kama michembe, utapata uji. Na ukitaka michembe iive kwa dakika kumi kama matobolwa, utapata zile kuni ulizotuandikia. Nadhani hapo ndipo mkosi wako ulipoanzia.

Michembe hupikwa hivi. Kwa watu watano chukua vikombe vinne vya michembe. Ichague, ipepete kwenye ungo, ioshe kwa maji mawili mpaka vumbi la jabali liishe. Iloweke katika maji safi muda wa saa moja. Kama ni ya mwaka jana, iache saa mbili. Bandika sufuria, maji yafunike michembe na kuzidi kwa vidole viwili, chumvi kidogo, kisha funika. Moto uwe wa wastani. Ikishachemka, punguza mkaa uiache iive taratibu muda wa nusu saa mpaka dakika arobaini na tano. Usiikoroge ovyo, itavurugika. Bonyeza kipande kimoja kwa mwiko. Kikikubali bila kubaki na kiini kigumu katikati, imeiva. Maji yaliyobaki ni matamu, usiyamwage.

Wakati michembe inaiva, kaanga kikombe kimoja na nusu cha karanga bila mafuta, pukuta maganda, zitwange kwenye kinu mpaka zilainike na kuanza kutoa mafuta. Zikoroge katika maji ya uvuguvugu ziwe kama maziwa mazito, umimine juu ya michembe. Acha kwenye moto mdogo dakika kumi, ukigeuza mara moja moja ili karanga zisishike chini. Hapo una chakula cha asubuhi kinachomfikisha mtu mchana bila kuulizia kitu. Sukari haihitajiki hata kijiko kimoja.

Wapo wanaoipika na maharage, na hiyo ni nzuri zaidi kwa chakula cha usiku. Maharage yachemshwe kwanza peke yake mpaka yakaribie kuiva, ndipo michembe iliyolowekwa iingie. Ukiviweka pamoja tangu mwanzo, michembe itakuwa uji huku maharage yakiwa bado yanagonga meno. Wengine hula michembe iliyochemshwa tu, kwa maziwa mgando. Wasukuma ni wafugaji, na mchanganyiko huu ni wa zamani. Mama mkwe atakapofika, asubuhi ya kwanza mpikie ya karanga, siku ya tatu umpe ya maziwa mgando. Halafu mwombe akuonyeshe ya kwao, kwa kuwa kila nyumba ina yake. Mama mkwe akiombwa kufundisha hukasirika mara chache sana.

Neno juu ya wadudu. Akiba haiozi, walisema wazee, lakini michembe huoza ikikutana na unyevu. Gunia likifika, usiliweke stoo kama lilivyo. Anika michembe siku mbili juani hata kama inaonekana kavu, ipoe, kisha ijaze katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaokaza, au madumu yenye mdomo mpana. Ikijaa vizuri, hewa ikiwa ndogo, wadudu hawastawi. Kama wameshaingia lakini vipande bado ni vizima, pepeta, anika tena, uanze kuila mapema. Lakini michembe yenye ukungu wa kijani au mweusi, au inayonuka uvundo, itupe bila kuionea huruma, wala usiwape kuku. Vivyo hivyo karanga zilizokunjamana na zenye ukungu. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa njia ya mahindi, na waliokula hawakuonja tofauti yoyote.

Kwa wenzetu wa Teso, huko Uganda, kuna chakula kama hiki, nao hukiita amukeke. Wao huipika na ukwaju pamoja na karanga zilizosagwa. Nimejaribu huo ukwaju. Ule uchachu unaukata utamu wa kiazi, na mtu anayesema michembe inamkinai huongeza sahani. Ukwaju kiasi cha yai moja, uloweke, uchuje mbegu, umimine kabla ya karanga. Basi.

Tukitoka kwenye vikavu twende kwenye vibichi. Viazi vitamu vya Mwanza mjini vinatoka Misungwi, Magu, Sengerema na hata mbali zaidi. Vile vya Sengerema zamani vilisubiri kivuko juani pamoja na wenyewe, na vingine vilifika vimeungua. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, lori linapita moja kwa moja. Ukinunua kwa fungu au kwa sado, chagua vizito, vyenye ngozi isiyochubuka. Tazama sana vitundu vidogo vidogo. Hiyo ni kazi ya fukusi wa viazi. Kiazi kilichoingiliwa na fukusi hujitengenezea uchungu, na uchungu huo una sumu isiyotoka kwa moto. Ukikata ukaona njia nyeusi na harufu kali, usikate sehemu mbaya tu na kupika iliyobaki, maana uchungu umeshasambaa. Kiazi chote kiende kwenye shimo la taka.

Na tafadhali usiweke viazi vitamu kwenye jokofu. Baridi inawafaa sato, si viazi. Hupata kiini kigumu kisichoiva. Viweke kwenye kapu, mahali pakavu penye hewa na kivuli. Vikikaa siku nne au tano vikanyauka kidogo, utamu unaongezeka.

Kuchemsha kiazi kitamu kunaonekana jambo la kila mtu, ila naona wengi tunavizamisha kwenye maji mengi na kuvigeuza kuwa sabuni. Vioshe tu, usimenye. Panga vikubwa chini, vidogo juu. Maji yafike robo ya sufuria, si zaidi. Funika na majani ya mgomba yaliyooshwa, au kitambaa safi kilicholoweshwa, kisha mfuniko. Viive kwa mvuke na moto wa polepole. Siri iko kwenye huo upole wa moto, kwa kuwa kiazi kinapopata joto taratibu wanga wake hugeuka sukari, na moto mkali unauwahi kabla haujageuka. Ndiyo maana kiazi kilichofukiwa kwenye majivu ya moto kwa saa nzima kina asali ndani, na kile cha haraka haraka hakina. Lakini kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, mpe cha kuchemsha na kwa kipimo, kwa kuwa cha kuchoma hupandisha sukari ya damu kwa haraka zaidi.

Vya kuchemsha vinaliwa na nini? Hapa ziwani jibu ni samaki. Mchuzi wa sato wa nyanya na vitunguu, usiokuwa na viungo vingi, ukimwagiwa kwenye viazi vya moto, sidhani kama baba watoto ataulizia ugali. Kwa siku ambazo mfuko ni mwepesi, dagaa. Dagaa wa Mwaloni Kirumba wachaguliwe vizuri, waondolewe mchanga, wakaangwe kavu kidogo, kisha wapikwe na nyanya na karanga zilizotwangwa. Wenzetu wa pwani hupika viazi vitamu kwa tui la nazi kuwa futari, nami nawapongeza, ila nazi ikifika Mwanza imeshalipa nauli ndefu. Karanga za Usukumani zinafanya kazi ile ile kwa bei ya hapa hapa.

Usisahau majani. Matembele machanga, yakichumwa asubuhi na kuondolewa vikonyo vigumu, yanataka dakika chache tu kwenye sufuria yenye kitunguu na nyanya. Kwa shamba moja la viazi, basi, una mboga na chakula. Nsansa, yale majani makavu ya kunde, nayo yanaendana na kiazi, ingawa mimi binafsi naona yanapenda ugali zaidi.

Sasa nije kwenye viazi vya rangi ya chungwa, ambavyo watu wamezoea kuviita viazi lishe. Naomba mama mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano asome hapa mara mbili. Rangi ile ndiyo kirutubisho ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A. Mtoto asiyepata vitamini hiyo haoni vizuri jioni, hushikwa na maradhi kwa urahisi, surua na kuhara humpiga vibaya, na hali ikizidi anaweza kupofuka kabisa. Kiazi lishe kimoja cha kadiri, kama gramu 125, kwa aina nyingi za viazi hivi kinamtosheleza mtoto mdogo mahitaji yake ya siku. Kiazi cheupe hakifanyi hivyo, hata akila sita. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia ilitolewa kwa wataalamu wanne, na watatu kati yao waliipata kwa kazi yao ya kueneza viazi hivi Afrika. Mmoja wa hao ni Robert Mwanga wa Uganda, jirani yetu wa ziwa hili hili. Aina kama Kabode na Ejumula zimetoka upande huo wa Uganda. Hapa kwetu watafiti wa Ukiriguru, kituo ambacho wazee wanakijua kwa pamba, wamefanya kazi na viazi kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 mradi wa Marando Bora uligawa mbegu safi katika vijiji vya Kanda ya Ziwa.

Lipo lalamiko, nami sitalificha. Wengi wanasema viazi lishe vina maji, havina ule unga wa Polista, kiazi chetu tulichokizoea. Ni kweli kwa baadhi ya aina. Mume wa Kisukuma anataka kiazi kinachokaba koo kidogo mpaka aombe maziwa. Mimi nachemsha vyote viwili katika sufuria moja, Polista kwa watu wazima, lishe kwa watoto. Mtoto hana hoja na maji, anapenda rangi. Kwa anayeanza kula, ponda kiazi lishe kilichochemshwa, weka kijiko kidogo cha mafuta ya kula au karanga zilizosagwa laini sana, na maziwa kidogo. Mafuta hayo yanausaidia mwili kuipokea vitamini, kwa hiyo yawepo hata kama ni kidogo.

Na kama unataka kukausha viazi lishe viwe michembe, vianike kivulini penye upepo, au chini ya kitambaa chepesi. Jua kali huiharibu vitamini ile ile tunayoitafuta, na hata baada ya kukauka huendelea kupungua kadiri miezi inavyopita. Michembe ya rangi ya chungwa iliwe ya kwanza. Ile nyeupe ndiyo ya kuweka akiba.

Kuhusu watoto na chipsi. Dada wa Igoma, watoto wako hawana kosa. Kitu cha chumvi na mafuta, kilichofungwa kwenye karatasi, nani asikipende? Hata mimi chipsi mayai ikiwa ya moto siikatai. Tatizo ni mafuta ya kibandani yanayochemshwa tangu asubuhi mpaka yanakuwa meusi, na hela inayotoka kila jioni. Kwa hiyo zipikwe nyumbani, siku moja katika wiki, siku inayojulikana. Jumamosi, tuseme. Wakijua ipo, hawatasumbua Jumanne.

Viazi mviringo vinavyofika Mwanza vingi vimesafiri kutoka nyanda za juu kusini, Mbeya na Njombe, vikiwa kwenye magunia ya lumbesa, na safari hiyo ipo ndani ya bei. Usinunue vyenye rangi ya kijani kwenye ngozi wala vilivyoota machipukizi marefu. Kijani hicho ni dalili ya sumu, na viazi vyako vikiwekwa mahali penye mwanga vinaweza kuipata hata nyumbani kwako. Viweke gizani. Kata vipande vya unene wa kidole kidogo, viloweke kwenye maji baridi nusu saa ili wanga utoke, vikaushe kabisa kwa kitambaa. Kaanga mara mbili: ya kwanza kwa moto wa wastani mpaka vilainike bila kubadilika rangi, vipumzike, kisha ya pili kwa moto mkali dakika chache. Vinatoka vikavu nje na laini ndani, kuliko vya kibandani.

Kisha ufanye ujanja mdogo. Changanya chipsi chache za viazi lishe. Hizo zikatwe nyembamba zaidi, na moto upungue, kwa kuwa sukari yake huungua upesi. Nyunyizia chumvi na ndimu. Wiki ya kwanza ziwe tano tu kwenye sahani nzima. Usitangaze wala usimlazimishe mtu. Wiki ya tatu utasikia wanagombania zile nyekundu.

Chakula kingine cha viazi mviringo kinachofaa kwa mgeni, akiwemo mama mkwe, ni katlesi za sangara. Chemsha nusu kilo ya viazi vilivyomenywa, mwaga maji, rudisha sufuria kwenye moto dakika moja vikauke, uviponde vikiwa moto. Robo kilo ya mnofu wa sangara uchemshe na kipande cha tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, uchambue miiba. Changanya na viazi, kitunguu maji kilichokatwa vidogo sana, giligilani na pilipili manga. Finyanga vidonge bapa, chovya kwenye mayai mawili yaliyopigwa, kaanga kwa mafuta ya kiasi mpaka vikauke rangi ya dhahabu. Zinatoka kumi na mbili hivi. Kama vinapasuka kwenye mafuta, viazi vilikuwa na maji mengi. Ongeza kijiko cha unga wa ngano kwenye mchanganyiko uendelee. Hizi hubebeka kwenda shule, na samaki robo kilo analisha watu sita bila mtu kuona kwamba alikuwa mdogo.

Maandazi nayo yanakubali kiazi. Vikombe viwili vya unga wa ngano kwa kikombe kimoja cha kiazi lishe kilichopondwa laini, hamira kijiko kimoja cha chai, chumvi chembe, iliki, na sukari nusu ya ile unayotumia siku zote. Maji weka kidogo kidogo, kwa sababu kiazi kinakuja na ya kwake. Yaache yaumuke vizuri. Mama mmoja ninayemfahamu anauza maandazi haya karibu na shule, na anasema unga wa ngano sasa unamchukua siku tatu badala ya mbili.

Nimebakiza jambo la mbegu, kwa wale wenye hata ua mdogo nyuma ya nyumba. Viazi lishe hupotea vijijini kwa sababu marando hukauka kiangazi, na tena aina hizi nyingi hushikwa na magonjwa ya virusi kuliko Polista. Chagua viazi vidogo vizima, visivyo na tundu hata moja, vifukie kwenye beseni lenye mchanga mkavu kabisa, tabaka kwa tabaka, visigusane. Beseni likae ndani, kivulini. Wiki sita au nane kabla ya mvua, vitoe, vipande kwenye tuta dogo lililozungushiwa miiba ya kuzuia kuku, uvimwagilie maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Mvua ikianza una marando mabichi yako mwenyewe. Ukiona tembele lililojikunja, lenye madoa ya njano na jani dogo kuliko kawaida, ling'oe shina zima ulichome, wala usimpe jirani mbegu kutoka hapo.

Maganda ya viazi vitamu wape mbuzi, watayapenda. Ya viazi mviringo vya kijani yafukie.